Kijicho wa Bibi Madaha

Kabla Elyse hajafika kambini Kakuma, Adhel alijidhania mtu wa roho safi. Alikuwa na kibanda chake cha chai ya tangawizi na kisra, ule mkate mwembamba wa kwao Sudan Kusini, karibu na laga, mto usio na maji ila mvua ikinyesha, watoto wawili shuleni, na mume aliyekwenda Juba kutafuta kazi akageuka kuwa sauti ya simu tu. Jirani akinunua kitanda kipya, Adhel alikwenda kukikalia na kukisifu. Mwenzake akiitwa kwenda kuishi Amerika, alimpikia na kumsindikiza. Hakumwonea mtu donge, au ndivyo alivyoamini, na si wa kulaumiwa, maana ni rahisi sana kuwa na roho safi ikiwa hakuna anayekigusa kile kitu kimoja unachokipenda.

Kitu hicho kwake kilikuwa jukwaa. Usidhani ni jukwaa la maana. Zilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda, ndani ya ukumbi wa kanisa uliojengwa kwa mabati, na kila Jumapili baada ya ibada, mabati yakiwa yanapasuka-pasuka kwa joto, watu wachache walikusanyika pale chini ya Onésphore. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari kwao Burundi. Wengine walikimbia na masufuria na magodoro. Yeye alikimbia na tamthilia za kale za Kiingereza, zote kichwani. Alikuwa akisema mstari kwa Kiingereza kwanza, macho amefumba, auonje utamu wake, kisha akauhamisha kwenye Kiswahili na kuwaandikia waigizaji sehemu zao kwenye karatasi.

"Alors, sikilizeni," aliwaambia. "Katika michezo hii kila mhusika ana ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe umeandikwa katika jina lake. Mkimsikia anaitwa, mshamjua. Dhamira mtaipata wapi? Mtaipata pale ugonjwa wa huyu unapogongana na ugonjwa wa yule."

Mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa na wagonjwa watatu. Kulikuwa na mjane tajiri wa London, Bibi Madaha, aliyejipenda mpaka vioo vikachoka. Kulikuwa na Bwana Birika, mchumba mwenye mkono mgumu, ambaye hakumtaka mjane bali nyumba yake. Na kulikuwa na mtumishi wa mjane, ambaye Onésphore alimpa jina la Kijicho, kwa sababu kwa Kiingereza pia jina lake lilikuwa na maana hiyo hiyo: mtu anayeumwa na cha mwenzake. Kijicho anachungulia milangoni, analionea gauni la bibi yake uchungu, na jioni moja analivaa. Bwana Birika, ambaye hawashi mshumaa kwa kuogopa gharama, anampigia magoti gizani akidhani ndiye Bibi Madaha. Mwisho wa yote wanaozeshwa wao kwa wao, na hiyo ndiyo adhabu ya wote wawili.

Adhel alikuwa Kijicho. Mwaka baada ya mwaka alikuwa Kijicho, na katika michezo mingine alikuwa mpishi, mkunga, mtumishi, mtumishi tena. Watu walimcheka sana, lakini kicheko hicho alikichukua kama chenji ya sokoni, kitu cha kupokea bila kukitazama. Macho yake yalikuwa kwenye gauni. Lilikuwa gauni jekundu lililoshonwa kutokana na pazia, na shingoni lilikuwa na kola kubwa ya mikunjo iliyokatwa kutoka mfuko wa saruji. Miaka hiyo lilivaliwa na mama mmoja aliyeitwa Félicité. Félicité alipohamia makazi mapya ya Kalobeyei, Adhel alikwenda nyumbani akasimama mbele ya kioo cha kunyolea cha mumewe, akainua kidevu kama bibi wa jumba. Moyoni gauni lilikuwa limeshamkaa.

Ndipo Elyse akafika kutoka Uvira, Kongo. Alikuwa mwanamke mdogo, mchangamfu, mwenye sauti iliyofika nyuma ya ukumbi bila kupigiwa kelele. Jumapili ya pili tu Onésphore akampa Bibi Madaha.

"Na mimi?" Adhel aliuliza.

Onésphore alivua miwani akaifuta, jambo alilolifanya kila alipotaka kukwepa jicho la mtu. "Adhel, Elie ndiye Bwana Birika, na Elie unamwona alivyo mfupi. Ukisimama naye, watu watasema mama amemleta mtoto kliniki."

Wote walicheka, Elie mwenyewe akicheka kuliko wote, na Adhel akacheka pia. Alikuwa Mjieng, yaani Mdinka, na Mjieng haoni haya kwa urefu wake. Lakini usiku ule hakula, na asubuhi chai aliyowauzia watu ilikuwa chungu.

Jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba Elyse alimpenda. Alimwita yaya. Siku ya kwanza Adhel aliposikia "Yaya Adhel, nisaidie," damu ilimpanda kichwani, maana huku Kenya yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Alitaka kumjibu vibaya. Elie ndiye aliyemwahi na kumweleza kwamba kwao Kongo yaya ni dada mkubwa, ni neno la heshima. Adhel akalimeza tusi lake na kuanza kulifurahia lile neno. Ingefaa somo hilo limkae kichwani, lakini halikumkaa.

Wiki chache baadaye Elyse alikuja kibandani jioni, akasaidia kuosha vikombe bila kuombwa, kisha akatoa karatasi za Onésphore kifuani, zimelowa jasho. "Yaya, mi siyuwi kusoma," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidanganya mwalimu. Unisomee, mi nitashika. Lakini usimwambie mutu."

Adhel alimsomea. Jioni kwa jioni, mkono mmoja ukiwa kwenye birika, alimsomea maneno ya Bibi Madaha, kisha akajibu mwenyewe kwa maneno ya Kijicho, na Elyse akayashika yote mara moja kama aliyezaliwa nayo. Hapo ndipo Adhel alipoanza kujijua. Alikuwa akimfundisha mtu kumpokonya kitu chake. Alimfundisha namna ya kugeuza shingo, mahali pa kunyamaza, mahali pa kumtupia Birika upepeo, na Jumapili Onésphore alipopiga makofi na kusema "Voilà! Huyo ndiye Bibi Madaha!" Adhel alikuwa nyuma na aproni yake, anahisi kitu kinamkaba kooni.

Kisha Elyse akaanza kumwita Kijicho. Si jukwaani tu. Sokoni, kwenye foleni ya maji, kanisani: "Kijicho wangu umeamkaje? Kijicho wangu, nimekuletea ndizi." Alisema kwa tabasamu pana, mbele ya watu. Adhel alilisikia kila mara kama kofi. Kumbe ameniona, alijiambia. Ameona roho yangu inavyoniuma na sasa ananitangaza. Angemuuliza tu, mambo yangekwisha. Lakini mwenye wivu haulizi, kwa sababu anaogopa kuambiwa kwamba hakuna kitu.

Alipata faraja mahali pamoja. Katika michezo ile ya Kiingereza kuna maneno ya kando. Mtumishi anaigeuzia hadhira uso, anaweka kiganja pembeni mwa mdomo na kusema yaliyo moyoni, na bibi yake, aliyesimama hapo hapo, anajitia hamnazo. Onésphore aliwaeleza kwamba ni makubaliano ya tangu zamani: hadhira inasikia, mwenzako wa jukwaani hasikii. Kakuma walikuwa wameshazoea. Adhel aliyapenda maneno ya kando kuliko kitu chochote. Pale angeweza kumwambia Elyse "jipake, jipake, sura haitabadilika" ana kwa ana, na Elyse asingeruhusiwa hata kupepesa jicho.

Mwaliko ulikuja kutoka Lodwar. Watu wa huko walitaka kuuona mchezo huo katika ukumbi mkubwa, wenye taa na pazia la kuvuta. Vibali vya kutoka kambini vilipatikana, lori likakodiwa, na Adhel akamwomba Onésphore kwa mara ya mwisho.

"Lodwar tu," alisema. "Mara moja tu. Elie asimame juu ya kreti."

"Dhamira ya mchezo huu ni wivu, Adhel, na wivu wote uko kwa Kijicho. Wewe ndiye mchezo wenyewe."

"Dhamira si wivu," Adhel alijibu kwa hasira. "Dhamira ni mtu anayefanya kazi yote halafu mwingine anaitwa bibi. Kalas, basi."

Onésphore alivua miwani, akaifuta.

Ukumbi wa Lodwar ulijaa. Watu wa ofisi walikaa kwenye viti na vitambulisho vyao shingoni, wanafunzi walijazana madirishani, na mbele kabisa, sakafuni, walikaa akina mama wa Kiturkana waliovaa shanga mpaka kidevuni. Katikati yao alikuwa bibi mmoja aitwaye Akoru, aliyekuwa ametoka Lokori kumtembelea binti yake na kuletwa huko bila kuambiwa anakwenda kuona nini. Onésphore alisalimu, "Ejok!" na ukumbi mzima ukamrudishia, "Ejok nooi!" Mchezo ukaanza.

Bibi Madaha alijitazama kwenye kioo, fremu tupu ya mbao. Kijicho akageuza uso, akaweka kiganja mdomoni. "Mngemwona asubuhi," akasema, "kabla hajajipaka."

Akoru aliinua fimbo yake. "Mama ya nguo refu!" aliita. "Huyu nasema wewe! Wewe hapana sikia?"

Ukumbi ulicheka mpaka pazia likatikisika. Onésphore, aliyekuwa pembeni, alijishika kichwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa Lodwar habari ya makubaliano ya Waingereza. Kwao, mtu akisengenywa akiwa pale pale, na wewe umesikia, ni ubaya kunyamaza. Elyse alikaza uso, hakusikia kitu, akajipaka poda ya unga. Watu wakazidi kumpenda.

Walimpenda mno. Kila alipoingia walipiga vigelegele. Bibi Madaha alipomfukuza Bwana Birika kwa upepeo, Akoru hakuweza kuvumilia tena. Aliinuka, akapanda jukwaani taratibu, akavua mkufu mmoja wa shanga shingoni mwake na kumvika Elyse juu ya ile kola ya mfuko wa saruji. Ukumbi ulisimama. Elyse alipiga magoti kupokea, akilia na kucheka, na shanga zile nyekundu na njano zikamkaa kama aliyezaliwa Turkana.

Adhel alikuwa hatua chache nyuma, ameshika trei ya vikombe vitupu. Miaka yote ile hakuna mtu aliyempa hata kizibo cha soda. Alitazama zile shanga na akahisi donge kubwa, gumu, likipanda kutoka tumboni mpaka nyuma ya ulimi, na wakati wake wa kusema ulikuwa umefika. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa machache na ya kuchekesha. Hakuyasema. Aligeuza uso, akaweka kiganja pembeni mwa mdomo.

"Madaha yote haya," akasema, "na hajui hata kusoma herufi a. Hajui kuandika jina lake. Kila neno mlilompigia makofi nimemtia mimi mdomoni, jioni kwa jioni, kama mtu anayelisha mtoto uji."

Hakuna aliyecheka. Watu wana namna yao ya kujua mchezo umekwisha na kitu kingine kimeanza. Elyse alibaki ameganda, mkono juu ya shanga. Alikuwa na njia yake ya kujiokoa: kujitia hamnazo, kama alivyofundishwa.

Lakini Akoru alikuwa bado wima pale jukwaani. "Wewe mama," alisema, safari hii polepole, kwa huzuni ya mtu anayeleta habari mbaya. "Huyu nasema wewe hapana jua soma. Ni kweli ama ni uongo?"

Elyse alimtazama. Kisha akafanya ambalo hakuna bibi wa jumba aliyelifanya katika michezo yote ya Onésphore: akasikia.

"Ni kweli, mama," alisema, na sauti yake ikafika nyuma bila kupigiwa kelele. "Mi siyuwi kusoma. Yeye njo ananisomeaka, kila siku. Njo maana ninamwitaka Kijicho wangu. Mi sina jicho ya kusoma. Yeye njo kajicho kangu."

Watu wa ofisi walicheka, maana wao walijua kijicho ni nini. Kicheko kikaenda kidogo kikakatika chenyewe, kwa aibu. Adhel alisimama na trei yake. Jicho dogo. Miezi yote ile, sokoni na kwenye foleni ya maji, mwanamke huyu alikuwa akimwita jicho lake. Elyse aliona kwamba mtumishi wa mchezo huchungulia milangoni, akadhani jina limetoka hapo. Na Onésphore hakuwahi kumfafanulia, kwa kuwa aliona ni Kiswahili tu. Adhel alitamani sakafu ipasuke. Na bado, hata wakati ule, sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inazitazama zile shanga.

Mchezo uliendelea mpaka mwisho. Elyse hakukosea hata neno.

Jioni ya kesho yake Elyse hakuja kuosha vikombe, wala ya pili yake. Jumapili Onésphore alifika kibandani na gauni jekundu limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Alisema Elyse amekataa kulivaa tena. Amesema gauni ni la mtu anayesoma. Mchezo utarudiwa Kakuma mwisho wa mwezi, na kama Adhel bado analitaka, basi ni lake.

Adhel alilipokea kwa mikono miwili. Alilitaka. Usiku alilala nalo pembeni, na lilinuka jasho la mtu mwingine.

Kulipokucha alikwenda kwa Elyse na kumkuta anapepeta maharagwe mlangoni. "Malesh," aliomba radhi. Alisimama tu, mrefu, hajui aweke wapi mikono.

"Sikukasirika juu ya kusoma," Elyse alisema bila kuinua kichwa. "Kusoma ni kweli. Nilikasirika juu ulisema kama vile mi siko. Mi nilikuwa karibu na wewe pale. Ulisema kama mi siko."

Adhel alitoa kitu pekee alichokuwa nacho. Alimweleza maana ya kijicho. Alimweleza yote: kwamba si jicho dogo, kwamba ni ule uchungu wa kuona cha mwenzako, kwamba alipoitwa hivyo sokoni aliona anatukanwa, na kwamba alikuwa anastahili.

Elyse aliacha kupepeta. "Kumbe siku yote nilikuwa ninakutukana?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaitika?"

"Ndiyo."

Elyse alicheka, kicheko kifupi ambacho hakikuwa kizuri wala kibaya. Kisha akanyoosha mkono. "Unipe ile aproni."

Hakuhitaji kufundishwa maneno ya Kijicho. Jioni zile zote Adhel alikuwa amesema sehemu zote mbili, na Elyse alikuwa amezishika zote mbili. Adhel ndiye aliyekuwa na kazi. Alilirefusha gauni kwa kipande cha leso, kwa sababu lilimwishia kwenye miundi. Alimtafutia Elie kreti ya kusimamia. Alijizoeza kugeuza shingo mbele ya kioo cha kunyolea. Mwisho wa mwezi alipanda jukwaani pa Kakuma akiwa Bibi Madaha, kola imesimama, kidevu juu. Watu walipiga makofi. Walikuwa makofi ya heshima.

Elie alipanda kreti yake, wakacheka. Kisha ikafika ile sehemu ya kioo, na Elyse akaja karibu na trei, ndani ya aproni iliyoburuzika chini. Adhel alimwona kwa pembe ya jicho akigeuza uso na kupandisha kiganja mdomoni. Kisha kimya. Adhel alijua maana ya kimya hicho. Habari za Lodwar zilikuwa zimefika kambi nzima, na kila mtu ukumbini alikuwa ameinama mbele kusikia Elyse atasema nini. Alikuwa na haki ya kusema lolote. Angeweza kusema habari za mume wa Juba. Angeweza kusema maana ya kijicho. Jasho lilimtiririka Adhel chini ya ile karatasi ya saruji, na hakuruhusiwa kugeuka, maana bibi wa jumba hasikii.

"Mngemwona asubuhi," Elyse alisema, "kabla hajajipaka."

Ni hayo tu. Neno kwa neno, kama yalivyoandikwa. Lakini aliyasema kwa sauti ya Adhel mwenyewe, ule mvuto wa Kijieng mwishoni mwa neno, lile bega linalopanda, kiganja kile kile; alikuwa amekishika kila kitu kule kwenye vikombe. Ukumbi ulilipuka. Watu walipigana mabega, mabati yakalia, mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka, na kicheko hakikukoma.

Ndicho kile kicheko chake. Alikuwa amekipokea mwaka baada ya mwaka bila kukitazama, na sasa ndipo alipokisikia, kikubwa kuliko makofi yote ya gauni, kikimwendea mwingine. Likapanda, lile donge, lile lile, likamkaba pale pale pa siku zote. Adhel akajitazama kwenye kioo ambacho hakikuwa na kioo, na akajitia hamnazo.